Nani Aliileta Korona Mji wa Kale?

Mpwa wangu alikuwa na kazi ya shule, aulize watu wa nyumbani kuhusu jambo kubwa lililowahi kuupata mtaa wao na aandike majibu. Akachagua korona, manake yeye mwenyewe ilimkuta akiwa mdogo sana, anachokumbuka ni Idi ya kufungiwa ndani na barakoa iliyomfika hadi machoni. Bas jioni tumekaa barazani, mamangu, ami yangu, jirani mmoja na mimi, akaja na daftari lake akauliza swali la kwanza.

"Shangazi, korona iliingia mtaani kwetu lini?"

Kabla sijafungua mdomo ami alishajibu, ililetwa na kijana wa nyumba fulani alivyorudi safari. Jirani akakataa, akasema la, ilikuwa kabla ya hapo, ni mama mmoja aliyetoka msibani Nairobi. Mamangu akasema hao wote wasingiziwa, ugonjwa ulitoka bandarini. Mtoto anaandika, anafuta, anaandika tena.

Ameuliza lini, anajibiwa nani.

Hao watu wawili waliotajwa pale barazani nawajua. Wako hai, twakutana sokoni na twasalimiana. Miaka yote hii imepita na bado mtaa unawabebesha ugonjwa uliozunguka dunia nzima, na wao hawajui, au labda wanajua na wamenyamaza tu. Hilo lilinikaa kooni wiki nyingi. Nikaanza kusoma kila nilichoweza kupata kuhusu jinsi korona ilivyofuatiliwa huku Pwani, nani alipimwa, wapi, kwa nini, na majibu yake yalikwenda wapi. Nilitaka kumjibu mtoto swali lake.

Namba za alasiri

Mnakumbuka sote tulivyokuwa tukikaa mbele ya runinga. Waziri wa Afya wa wakati ule Mutahi Kagwe, siku nyingine Dkt. Rashid Aman au Dkt. Mercy Mwangangi, sampuli kadha zimepimwa katika saa 24 zilizopita, kadha zimepatikana na virusi, halafu kaunti, halafu ndani ya kaunti. Sisi wa Mombasa tulikuwa twasubiri hapo pa mwisho: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu. Mvita, ambayo Mji wa Kale umo ndani yake, ikitajwa ya kwanza simu zaanza kulia, ndugu wa Nyali anampigia ndugu wa Kibokoni kumwambia kesho usije, tutaonana siku nyingine.

Namba ya sampuli tuliipita haraka kila siku. Ndiyo iliyokuwa ikisomwa mwanzo kabisa na ndiyo hakuna aliyeikumbuka jioni.

Na bila hiyo namba ya mtaa haina maana yoyote. Wakija wapimaji kwenu leo, kesho mtaa wenu utatajwa. Wasipokuja hamtatajwa, hata kama nusu ya nyumba zinakohoa. Miezi ile ya kwanza waliopimwa walikuwa watu wa makundi fulani, waliotoka nchi za nje, waliokaa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa, wahudumu wa afya, madereva wa malori. Yule mzee aliyeshikwa na homa chumbani kwake, akanywa tangawizi na ndimu, akapoteza ladha ya chakula siku kumi kisha akapona, huyo hakuwepo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Vifaa vyenyewe vya maabara vilikuwa vinagombaniwa na dunia nzima, kwa hiyo hata nia ya kupima wengi zaidi ikiwepo, kuna siku isingewezekana.

Kwa hiyo "Mvita leo watu kadha" ilikuwa na maana ya watu kadha wa Mvita waliofikiwa na kijiti cha puani. Sisi tukaisikia kama kipimo cha uchafu wa Mvita.

Karantini ya kulipia

Tarehe 6 Mei 2020, Mji wa Kale ukafungwa, siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Kaunti nzima ilikuwa imeshafungwa tangu 8 Aprili pamoja na Kilifi na Kwale, lakini hii ilikuwa kufungwa ndani ya kufungwa. Katikati ya Ramadhani. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, tarawehe twaswali nyumbani, na sasa hata kuvuka kwenda upande wa pili wa barabara kununua kitu cha futari kukawa na askari. Idi ikatukuta humo humo.

Sababu iliyotolewa ni kwamba maambukizi yalikuwa yanapanda na watu walikuwa wanakataa kupimwa. Na ni kweli walikuwa wanakataa, sitaficha hilo, niliishi humo. Nyumba ikiwa na mtu anayekohoa usiku, redio inaongezwa sauti. Wapimaji wakionekana wanakuja na magauni yao meupe, milango inafungwa uchochoro mzima kama vile hakuna mtu anayeishi pale.

Lakini kukataa huko kulikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzito.

Mwanzo ule, mtu akipelekwa karantini alitakiwa alipe mwenyewe. Fikiria mbeba mizigo wa bandarini, au mama anayekaanga viazi karai mlangoni kwake, anaambiwa utakwenda kukaa wiki mbili mahali usipopajua, hufanyi kazi, kila siku unadaiwa, na ukipatikana na ugonjwa waanza hesabu nyingine. Ilikuwa Mei ndipo serikali ikatangaza itabeba gharama za vituo vyake yenyewe, na kufikia hapo habari ya zile bili ilikuwa imeshaingia kila nyumba na haikutoka tena. Juu ya hayo, mwezi Aprili watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walikuwa wanapelekwa karantini. Yaani mahali pa kumtunza mtu anayeshukiwa kuwa na maradhi pakawa ndipo mahali pa kumwadhibu mtu aliyechelewa kufika nyumbani. Baada ya hapo unamwambiaje bibi wa miaka sabini kwamba karantini ni kwa faida yake?

Na tusisahau 27 Machi pale feri ya Likoni, siku ya kwanza ya kafyu, watu wanakimbilia kuvuka kabla ya saa moja wakapigwa mabomu ya machozi na virungu. Wale wale waliokuwa wamebanana pale wakilia na kukohoa ndio baadaye walitarajiwa waitikie kwa hiari gari la serikali likija kuwapima.

Sijui kama mliokuwa mikoa mingine mlilihisi hili kama sisi. Kupimwa kukawa ni kujisalimisha.

Na hesabu ikishakuwa namna hiyo haihesabu ugonjwa tena. Wakati fulani ilikuwa inahesabu nani ameshindwa kujificha, mtu aliyezidiwa hadi akalazimika kwenda hospitali, mtu ambaye mwajiri wake alimlazimisha, dereva ambaye hawezi kuvuka mpaka bila cheti. Wengine sote tulikuwa nyuma ya milango.

Mifuko ya damu

Sasa hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu katika kusoma kwangu.

Wakati sisi twajificha, kulikuwa na watu wanaendelea kutoa damu kwa ajili ya wagonjwa, mama wanaojifungua, watoto wenye upungufu wa damu, watu wa ajali. Damu haikusubiri korona iishe. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya kule Kilifi, wakachukua mabaki ya sampuli za damu hiyo kutoka sehemu mbalimbali za nchi, zilizotolewa kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020, wakatafuta kingamwili ndani yake. Kingamwili ni alama ambayo mwili huacha baada ya kupambana na kirusi. Kijiti cha puani kinakuambia kama unacho leo. Damu inakuambia kama kilishapita, hata ikiwa hukuumwa, hata ikiwa ulidhani ni mafua ya kawaida.

Walipima sampuli zaidi ya 3,000.

Kitaifa, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri na jinsia na mahali, ilikuja asilimia 4.3. Nairobi asilimia 7.3. Mombasa ilikuwa juu ya Nairobi, asilimia 8.

Nilisoma hiyo namba ya Mombasa mara nyingi. Asilimia 8 ni kama mtu mmoja kati ya kila kumi na wawili au kumi na watatu. Mwanzoni mwa Juni 2020 hesabu rasmi ya nchi nzima, Kenya yote, ilikuwa wagonjwa 2,093 na vifo 71. Chukua asilimia 4.3 ya Wakenya wa umri wa kufanya kazi peke yao uone unafika wapi, unapita milioni moja. Si kwamba waziri alidanganya, alikuwa anasoma kile maabara zilichompa. Ni kwamba kwa kila mtu aliyesomwa alasiri kulikuwa na mamia ambao kirusi kilishawapitia na kuendelea na safari zake.

Kwa hiyo siku ile tunafungwa 6 Mei, siku ambayo mtaa mzima unanyoosheana vidole, yaelekea ugonjwa ulikuwa umeshaenea Mombasa, si mtaani kwetu tu. Hao wawili waliotajwa barazani kwetu walikuwa watu wawili kati ya maelfu, tofauti yao ni kwamba wao walionekana.

Kilichonigusa zaidi ni namna namba hiyo ilivyopatikana. Aliyetoa damu hakuwa na cha kuogopa. Hakuna aliyekuja mlangoni kwake na gari, hakuna jirani aliyejua, hakuna bili. Alikwenda kutoa damu kwa nia njema akarudi kwake. Na ndiyo maana damu ile ilisema ukweli ambao sisi na milango yetu iliyofungwa hatukuweza kuusema.

Nina maswali yangu pia juu ya njia hii. Watoaji damu waliopimwa ni watu wa miaka 15 hadi 64, wengi wao wanaume, watu wanaojisikia wazima siku hiyo. Mamangu hayumo. Mpwa wangu hayumo. Wataalamu wanarekebisha kwa hesabu, na naelewa kwa nini, lakini hesabu haiwezi kumweka ndani mtu ambaye hakuna hata mmoja wa aina yake aliyepimwa. Pia kuna sehemu za nchi ambazo watu hutoa damu kidogo sana, huko picha ni hafifu. Hata hivyo ukiniambia nichague kati ya namba ya watu wanaojificha na namba ya watu wasio na sababu ya kujificha, nitachukua ya pili na kasoro zake zote.

Waliendelea kupima. Damu ya Januari hadi Machi 2021 ilionyesha kingamwili kwa asilimia 48.5 ya watoaji, karibu nusu, na chanjo zilikuwa hazijaanza, zilianza Machi hiyo kwa watu wachache. Hesabu rasmi wakati huo ilikuwa laki moja na kitu.

Herufi zilizokosewa

Bas, ilienea. Lakini mtoto aliuliza iliingia lini, na ndani yake lipo lile swali la ami, iliingia na nani. Na hapa pia kuna watu waliofuatilia, kwa njia ambayo sikujua kama inawezekana.

Kirusi cha korona kina maandishi yake ya kurithi, herufi karibu 30,000, na kila kikizaliana kinajinakili. Katika kunakili kinakosea, wastani kama herufi mbili kwa mwezi. Wanaosoma miswada ya zamani ya tenzi huku kwetu watalielewa hili mara moja, mwandishi wa Lamu akiruka neno, kila nakala iliyotolewa kutoka kwake itaruka neno hilo hilo, na miaka mia baadaye mtu anaweza kuziweka nakala mezani akasema hizi mbili ni ndugu, hii imetoka kwingine. Watafiti wanafanya vivyo hivyo kwa kirusi, wanaziweka sampuli pamoja na kuona zipi zina makosa yanayofanana.

Kule Kilifi wakasoma maandishi ya virusi 311 kutoka kaunti za Pwani, sampuli za kuanzia 17 Machi hadi 31 Julai 2020.

Walichokiona ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeileta. Iliingia mara nyingi, kwa nyakati tofauti, kila mara peke yake bila uhusiano na ile nyingine, na chimbuko la mara nyingi lilikuwa Ulaya. Nyingine zilikuja kutoka ndani ya Kenya yenyewe, na nyingine huenda zilipitia nchi jirani. Ukoo mmoja wa kirusi uitwao B.1 ulibeba asilimia 74 ya zote walizosoma, na ndio peke yake uliotanuka sana hapa.

Nilimwita mpwa wangu nikamwambia andika hivi: Machi 2020, kwa milango mingi, mingine haikuonekana na mtu. Akaniuliza nitaandika nani? Nikamwambia hapo acha wazi.

Ami hakuridhika, na simlaumu. Mtu akifiwa au akifungiwa ndani Idi nzima anataka awe na mahali pa kuelekeza uchungu wake. "Milango mingi" haina uso.

Horohoro na Lunga Lunga

Kuna kipande kingine katika hizo sampuli 311 ambacho kilinifanya nifikiri upya kuhusu mambo yote niliyoyaandika hapo juu.

Koo nyingine za kirusi, A, B na B.4, zilipatikana kwa watu waliopimwa kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania au wasafiri waliorudi. Zilikuja, zikaonekana, na hazikuota mizizi huku. Watafiti wenyewe wanasema hatua za mapema zilisaidia kuzuia baadhi ya koo zisitanuke.

Yaani kule kupimwa kwa lazima, vile vijiti, yale malalamiko ya madereva waliolala siku na siku kwenye foleni, kulikuwa na kazi kuliyofanya. Kuna minyororo ya ugonjwa iliyokatika pale mpakani Lunga Lunga na kwenye karantini za wasafiri, na kuna watu wanaotembea Mombasa leo kwa sababu ilikatika, ingawa hakuna anayeweza kujijua kama ni yeye.

Hapo nilikwama kidogo. Ni rahisi kuandika makala ya kusema waliokuja kutupima walikuwa wakosefu na sisi tulionewa. Nilivyoanza kuandika ndo nilikokuwa naelekea. Lakini mpimaji aliyesimama juani pale mpakani na gauni la plastiki alikuwa anafanya kazi ya maana, na wahudumu wa afya ya jamii waliozunguka mitaani, majirani zetu wenyewe wengi wao, walikuwa wanatutafuta ili watusaidie. Kufuatilia ugonjwa kulitakiwa kufanywe. Hata kujua mtaa gani umezidiwa kulitakiwa, manake utapelekaje vitanda na hewa ya oksijeni mahali usipopajua?

Kilichoharibu ni kuunganisha kujulikana na kuumizwa. Ukiwa na ugonjwa utalipa, utafungiwa, mtaa wako utatajwa na kuzungushiwa askari, na jirani atakukumbuka miaka yote. Ondoa hayo na kijiti cha puani ni kijiti tu.

Na ng'ambo ya mpaka ule ule kulikuwa na jambo la kinyume. Tanzania ilitoa hesabu yake ya mwisho mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza zaidi ya mwaka. Wadigo wako pande zote mbili, mtu wa Lunga Lunga ana shangazi Tanga na mjomba Horohoro, harusi na misiba ni ya pamoja. Kwenye ramani za dunia upande mmoja una namba inayobadilika kila siku na upande wa pili namba imesimama pale pale. Kirusi hakikuona mstari wowote. Hawa jamaa zetu wa Tanga hawakutajwa mtaa kwa mtaa kwenye runinga, hawakufungiwa Idi, na sikia, kuna waliotuonea huruma sisi, na kuna sisi tuliowaonea wivu. Halafu ikafika mwanzoni mwa 2021, matangazo ya misiba yakaanza kufuatana, "changamoto ya upumuaji", na hawakuwa na namba yoyote ya kushika mkononi na kusema hii ndiyo iliyotuua.

Kwa hiyo nina pande mbili moyoni. Hesabu iliyotuumiza, na kukosa hesabu kulikowaumiza wao. Mimi bado nataka kuhesabiwa. Nataka nihesabiwe bila kuadhibiwa.

Waliokwenda

Tumebaki na jambo ambalo hakuna damu ya mtoaji inayoweza kulijibu, vifo.

Watu wengi huku waliambukizwa, na vifo vilivyotangazwa vilikuwa vichache ukilinganisha na Ulaya au Marekani. Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba sisi ni taifa la vijana, na hilo ni kweli, kirusi hiki kilikuwa kikali zaidi kwa wazee. Ila sidhani kama ndilo jibu zima, na kilichonitia shaka kinatoka Lusaka. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walikaa kwenye chumba cha maiti cha hospitali kubwa ya chuo kikuu pale wakawa wanachukua sampuli puani mwa marehemu. Kati ya marehemu 364 waliopimwa, 58 walikuwa na kirusi, na wakilegeza kidogo kiwango cha kipimo wanafika 70. Wengi wao walikuwa wamefia nje ya hospitali. Na katika hao waliofia nje hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa kabla ya kufa.

Hata mmoja.

Huku kwetu mtu akifia nyumbani, chifu au naibu wake anaandika kibali cha mazishi, na sababu ya kifo ni ile familia inayoieleza. Presha. Sukari. Homa. Uzee. Waislamu tunazika haraka, mtu amefariki alfajiri na adhuhuri ameshalala kaburini, na ndivyo inavyotakiwa, sitaki ibadilike. Lakini maana yake ni kwamba mwaka ule wa kufungwa milango, waliokufa nyuma ya milango waliondoka na jibu lao.

Kule Kilifi kuna eneo ambalo tangu 2000 watu wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, zaidi ya watu robo milioni. Mji wa Kale hatuna kitu kama hicho.

Tuna madaftari.

Nilimtafuta mzee mmoja anayeshika daftari la mazishi. Kwanza hakutaka kunisikiliza, akaniuliza, "Mwanangu, wataka kujua nani aliyekufa na korona ili iweje?" Nikamwambia sitaki kujua nani. Daftari lake halina sababu ya kifo, lina tarehe, jina, kama ni mwanamume au mwanamke, umri wa kukisia na mtaa, na kwa ninachokitaka hiyo yatosha. Ukihesabu mazishi ya kila mwezi kwa 2018 na 2019, halafu ukahesabu ya 2020 na 2021, utaona kama kuna miezi iliyopanda kuliko kawaida yake na imepanda kwa kiasi gani. Huhitaji kumpima marehemu wala kumuuliza mjane wake. Nchi nyingi zilizotaka kujua ukweli wa vifo vyao zimefanya hivyo hivyo, kulinganisha miaka.

Alinyamaza muda. Akaniuliza majina yatakwenda wapi. Nikamwambia hayatakwenda popote, tutayafunika kwa karatasi na kuhesabu mistari mbele yake, na daftari halitatoka chumbani kwake. Akaniambia nirudi baada ya Ijumaa.

Nimerudi, na amekubali. Tunaanza na mwaka 2018, mimi na binamu yangu mmoja mwenye mkono mzuri wa hesabu. Nilimweleza mzee mapema kwamba daftari moja halitoshi, manake watu walihama wakati wa kufungwa na wengine walizikwa kwao, kwa hiyo mwezi ulioshuka hapa unaweza kuwa umepanda Kwale. Kama wewe au mzee wako anashika daftari la mazishi Likoni, Changamwe, Kisauni au Jomvu, la msikiti au la kanisa, au kama unaishi upande wa Tanga na kuna daftari la kijiji, niandikie. Majina yafunikeni kabla hamjanionyesha chochote. Nahitaji tarehe tu, na kama umri umeandikwa, umri.